Gunia 62 za mchele toka Ubaruku: nichangie gari au nikodi Fuso nzima?

Mpunga Mbichi:
Wakuu, salaam. Nanunua mchele Ubaruku, Mbarali, nauza jumla Tandika. Siku zote nachangia gari, 9,000 kwa gunia la kilo 100. Safari hii nina gunia 62, yaani 558,000. Kuna dereva anataka nichukue Fuso yake nzima kwa 800,000, inabeba gunia 100.

Kinachonisukuma ni ya mwezi uliopita. Gari lilitoka jioni, likalala Ruaha Mbuyuni kupakia vitunguu, vikarundikwa juu ya gunia zangu. Dar likaingia siku ya nne, tena likapita kwanza Mabibo kushusha hivyo vitunguu. Gunia 5 zilikuwa zinanuka kachumbari. Mteja wangu wa siku zote alichota kiganjani, akanusa, akaurudisha bila neno. Nilizitoa kwa hasara. Ila mtaji wa gunia 100 sina. Nifanyeje?

Tandiboi Mstaafu:
Mkuu, 800,000 gawa kwa 9,000 ni kama gunia 89. Chini ya hapo unalipia hewa. Wewe utaongeza 242,000, karibu 3,900 kila gunia. Pima hiyo na hasara ya gunia 5, na siku zote hizo pesa yako imelala barabarani.

Halafu gari zima si zima mpaka muandikiane. Nimemshuhudia mtu kalipia Fuso yote, dereva kufika Ilula kajazia nyanya kwenye nafasi iliyobaki. Dai karatasi za mizani. Uzito wa Makambako na wa Vigwaza ukipishana tani mbili tatu, ujue njiani kapandishwa abiria.

Mama Gulio:
Mwanangu, kwa nini ulipe peke yako? Hapo mashineni hukosi mwenzio. Sisi tuko watatu, tunashushia Manzese, tunakodi Fuso moja, kila mtu na rangi yake kwenye gunia. Sharti ni moja: mchele tu. Mwenye tangawizi atafute gari lingine, hata awe shemeji.

Mzee wa Tunduma:
Kuna semi zinazorudi tupu toka Tunduma, hizo nauli yake inashuka sana. Lakini dereva wake anataka tani 28 hadi 30, na huko ndani Ubaruku haji. Utakodi Canter kusogeza mzigo hadi Igawa, wapakiaji uwalipe mara mbili. Kwa gunia 62 achana nazo.

Kaka wa Turubai:
Mimi bado nachangia na sijajuta. Nina turubai langu, nawahi kupakia mapema, gunia zangu zinakaa mbele kabisa, nyuma ya kebini, nazifunika mwenyewe. Nauli nalipa nusu, nusu nyingine nikishahesabu gunia zikiwa chini. Dereva anayedai yote mkononi kabla ya kuondoka, huyo simpi hata debe.

Tandiboi Mstaafu:
@Kaka wa Turubai turubai linazuia mvua, harufu ya kitunguu halizuii. Na gari la kuchangia likizidisha uzito, faini ni ya tajiri wa gari, ila kulala mizani mnalala wote.

Mpunga Mbichi:
Shukrani wakuu. Mama Gulio, nimefuata lako. Nimempata jamaa mashineni ana gunia 30. Jumla 92, inakuja kama 8,700 kwa gunia, chini hata ya ninayolipa sasa. Tatizo yeye anashushia Mbagala.

Tandiboi Mstaafu:
Basi zake zianze kupakiwa, zikae mbele, zako zije nyuma mlangoni. Mnashusha Tandika, gari linaendelea na zake. Na hicho kipande cha Tandika hadi Mbagala amalizane na dereva yeye mwenyewe, leo, kabla turubai halijafungwa.