Futi 6 na inchi 4, kilo 105: nianze na ubao gani wa mawimbi?

Habari zenu wakuu. Niko Durban kikazi, nataka kujifunza kuteleza kwenye mawimbi. Kuna duka wananiuzia ubao wa futi 7 bei poa, muuzaji anasema eti unanitosha. Nichukue?

Mtu wa Pwani: Usichukue kaka! Huo utazama chini yako hata kabla hujasimama. Cha kwanza angalia lita, yaani ujazo, kwa anayeanza ziwe karibu sawa na kilo zako au zaidi, kwa hiyo we tafuta futi 9, upana inchi 23 au 24, unene zaidi ya inchi 3, na uwe wa foam maana ukikugonga kichwani hauumizi kama wa faiba.

Mama Bahari: Nakubaliana na mdogo wangu hapo juu. Kamba ya mguuni nayo iwe ndefu kama ubao na iwe nene, mwili mkubwa unaivuta sana. Ukipata mtumba unyanyue kwanza, ukiona mzito kupita kawaida jua umeshakunywa maji, achana nao. Ila anza kwa kukodi pale South Beach au Addington, asubuhi kabla upepo haujaamka.

Muulizaji: Asanteni sana, habari ya lita dukani hawakuigusa kabisa. Nikizoea futi 9 nishuke lini?

Mtu wa Pwani: Mpaka uwe unalidaka wimbi ambalo halijavunjika na unakata kulia na kushoto mwenyewe. Na hapo shuka hadi 8 tu, mwili wako 7 bado sana.