Gumzo la ukoo: Shangazi na salsa

Shangazi Mwana: Shikamoo Baba. Wengine hamjambo. Nina jambo, na Hamisi tafadhali usinicheke. Nataka kujifunza kucheza salsa.

Anko Hamisi: Na goti lile lile la kwenye arusi ya juzi? 😂

Shangazi Mwana: Hilo hilo. Daktari kasema nitembee kila siku. Kutembea peke yangu barabarani kunanichosha roho.

Rehema: Shangazi wanguuu! Mimi mwaka wa pili huu nacheza. Umeshapata pa kwenda?

Shangazi Mwana: Jumamosi nilikwenda sehemu moja, sipataji. Dada wa mapokezi kaniangalia juu mpaka chini, kaniuliza, "Mama, umemleta mtoto?" Nikamwambia mtoto mwenyewe ndiye mimi. Hakucheka. Halafu anataka nilipe miezi mitatu papo hapo, sijaona hata sakafu.

Mama Zai: Ungeondoka.

Shangazi Mwana: Niliondoka. Na dera lenyewe nilivaa jipya.

Rehema: Hapo hata wangekuchukua ungecheza umejikunja. Mimi kabla sijalipa popote naomba nikae kwenye benchi nitazame darasa la wanaoanza, mwanzo mpaka mwisho. Mwalimu asiyetaka kutazamwa, mwache. Na ukikaa pale usihangaike na wanaojua. Mtazame aliyekosea. Mwalimu anamfanyaje? Akimrudia taratibu bila kumfanya kichekesho cha darasa, lipa. Ya siku moja tu, miezi baadaye.

Mama Zai: Na huko kushikana na waume za watu?

Rehema: Mama Zai, hilo watu wengi wanaona haya kuliuliza. Madarasa mengi mnabadilishana wa kucheza naye kila baada ya dakika chache, ili usizoee mkono wa mtu mmoja. Uliza mapema: nikikataa kucheza na mtu inakuwaje? Kwetu mwalimu anatangaza mwanzoni kabisa kwamba ukikataa hudaiwi sababu. Kuna wanawake wanacheza wao kwa wao, na hakuna anayegeuza shingo.

Babu: 🎤 1:47

Anko Hamisi: Baba, hapo tumemsikia jogoo tu. Andika.

Babu: Nimesema hivi. Mnaiona salsa ngeni, na mizizi yake ni muziki wa Kuba. Baba yangu alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri zenye alama ya GV, nyingi za muziki huo huo. Salum Abdallah wa Morogoro bendi yake aliiita Cuban Marimba. Mnadhani jina lilitoka Kilosa? Wakongo nao santuri hizo hizo walizisikiliza, ndiyo unasikia Kuba ndani ya rumba yao.

Rehema: Na rumba ya Kongo UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2021, Babu.

Babu: Wamechelewa.

Babu: Sisi hatukuwa na mwalimu. Unakaa pembeni ya ukumbi na soda moja usiku kucha, unaiba stepu kwa macho. Ukirudi nyumbani unajaribu na mlango.

Anko Hamisi: Na mlango??

Babu: Mlango hauna vidole vya kukanyagwa.

Shangazi Mwana: 😂😂 Rehema, nivae zile raba zangu za kutembelea?

Rehema: Usithubutu! Soli ya mpira inang'ang'ania sakafu. Mwili umeshageuka, mguu umebaki, anayelipa ni goti. Tafuta kiatu chepesi cha soli ya ngozi, kisigino kifupi, chenye mkanda kisikuvuke. Dera liache nyumbani, mtalikanyaga wote. Suruali pana na tishati, ya pili ya kubadilisha, taulo, maji. Mtandio ufunge nyuma. Karafuu mbili tatu za kutafuna, maana mtazungumza pua kwa pua. Fika robo saa kabla umwambie mwalimu habari ya goti.

Mama Zai: Na asile wali jioni.

Rehema: Na asile wali. Shangazi, jikoni jizoeze: moja, mbili, tatu, nyamaza. Tano, sita, saba, nyamaza. Kwenye moja mguu wa kulia unarudi nyuma, kwenye tano wa kushoto unakwenda mbele.

Anko Hamisi: Nne na nane zimekosa nini?

Rehema: Ndipo unapovuta pumzi, Anko. Wanaoanza wote wanazikanyaga.

*Alhamisi*

Shangazi Mwana: Nimerudi. Ni pale pengine nilipokwenda kutazama Jumanne, darasa la saa 12 na nusu jioni.

Mama Zai: Enhe?

Shangazi Mwana: Nne nimeikanyaga saa nzima. Wenzangu wako saba, mimi bado natafuta tano. Mwalimu kijana mdogo tu, kaniuliza goti lipi, kaniambia nifupishe hatua na nisizunguke leo. Kuna mzee wa miaka 70, naye mara yake ya kwanza. Tumekanyagana, tumeombana radhi mpaka muziki ukazimwa.

Rehema: Goti?

Shangazi Mwana: Goti zima. Nyayo ndizo zinawaka moto, nimeziloweka kwenye beseni hapa.

Babu: 70 ni kijana.

Babu: Huyo wa benchini halipi, siyo?

Shangazi Mwana: Halipi, Baba.

Babu: Benchi lina egemeo?