Sanamu ya kipilefti Mtwara mjini: iwe sura ya mtu au shetani?

Mwanzisha mada, Mtwara mjini
Wandugu, siku tukisimamisha sanamu kubwa pale kipilefti, mimi naitaka ya shetani, ule mtindo wa vinyago vya Kimakonde: jicho moja, mdomo umepinda, tumbo wazi unaona ng'ambo. Baba mdogo anasema hayo ni mambo ya kizungu, mchongaji kazi yake atoe mtu afanane na mtu. Nampinga. Wazungu wenyewe walikuwa mabingwa wa kufananisha mpaka kamera ilipotangazwa Ufaransa mwaka 1839, wachoraji wakaanza kujiuliza wao wamebakiwa na nini. Mwaka 1907 mchoraji Picasso akachora picha ya Les Demoiselles d'Avignon, wanawake watano, wawili nyuso zao ni kama vinyago. Mwaka huohuo alikuwa ameviona vinyago vya Afrika kwenye makumbusho ya Trocadéro, Paris. Sasa nani kamuiga nani?

Mchongaji, Newala
Kijana, shetani hatoki jandoni. Mwanzilishi wake anatajwa mchongaji Samaki Likankoa, Dar es Salaam, miaka ya 1950, na wateja wakampenda huyo shetani. Kinyago cha wazee ni lipiko, kile cha kuvaa kichwani kwenye ngoma ya jando. Kikague: nywele za mtu kweli zimebandikwa, chale zimetengenezwa kwa nta, cha mwanamke kina ndonya, kile kipande cha mdomoni. Aliyekichonga alihangaika kifanane! Kufananisha ni kwetu pia, msikutupe.

Mwanzisha mada
Shikamoo mzee. La Likankoa nalikubali. Ila lipiko linafanana na nani? Mchezaji kajifunika mwili mzima, na watoto hawaambiwi huyu ni fulani, wanaambiwa ni mzimu. Zile nywele zimewekwa ili mtoto aogope kweli. Hata lipiko lililoibwa Makumbusho ya Taifa mwaka 1984 likarudi kutoka Geneva mwaka 2010, tulilidai si kwa sababu lina sura ya babu wa mtu.

Mama wa watoto watatu, Masasi
Kaka zangu, kinyago cha dukani mtu anakifuata mwenyewe. Cha barabarani kinakukuta unakwenda sokoni na mtoto mgongoni. Hilo mmelipita haraka mno. Mimi nasema ujamaa, mtindo wa kuchonga ambao mwanzilishi wake anatajwa Roberto Yakobo Sangwani: watu wamepandana, wamebebana, huyu kashika mguu wa yule. Hakuna mwili unaokaa hivyo duniani, lakini mwanangu ataona mtu, na atauliza yule wa chini anabebwa na nani.

Mwanzisha mada
Dada, hapo umenibana. Bado moyo wangu uko kwa shetani, lakini huyo mtoto mgongoni sikumfikiria.

Mchongaji, Newala
Ujamaa sawa. Lakini gogo la mpingo nene kiasi hicho hamtalipata, mtaniambia nitumie saruji. Mimi huanza kwa kuligeuza gogo, naangalia limepinda wapi, ufa umepita wapi, ndipo namjua atakayetoka. Kwenye saruji nitafuata nini?