Spoku za nyuma zinakatika nikibeba mzigo, nifunge nene?

Polepole_Same
Wakuu, baiskeli ni ya inchi 26, ringi ya alumini, spoku 36, friwili (seti ya meno ya nyuma yanayovutwa na mnyororo) ya gia 7. Mzigo kama kilo 25, wote kwenye keria ya nyuma. Kati ya Same na Korogwe zimekatika spoku tatu, zote upande wa friwili, zote kwenye kona inayoingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Fundi anashauri geji 13, yaani nene zaidi. Nimsikilize?

Torki
Usikimbilie unene, mkuu. Spoku inayokatikia kwenye kona imechoka, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Gurudumu likizunguka, spoku ya chini hulegea kidogo, ikipanda inakaza tena. Inchi 26 hutembea mita 2 na ushee kwa mzunguko, kwa hiyo kilomita 100 ni kama mizunguko 48,000. Iliyokazwa sawasawa huvumilia. Iliyolegea tangu mwanzo, kona yake inachezacheza kwenye tundu mpaka ipasuke.

Geji 13 ina unene wa mm 2.3, tundu la habu lililotobolewa kwa spoku za geji 14 (unene wa mm 2.0) huenda lisiipitishe, na kulipanua ni kuua habu. Chukua geji 14 za chuma kisichoshika kutu. Badilisha zote 18 za upande ule, maana zilizobaki zimechoka vilevile.

Nati_Robo
Naongezea kwenye kukaza. Tone la oili kwenye kila nati ya spoku, pale kwenye ringi, kisha robo mzunguko kwa zamu, usizidishe. Ukitazama kutoka upande wa tairi, kukaza ni kufuata saa. Ukitazama kutoka ndani inaonekana kinyume, ndipo watu wanalegeza huku wakidhani wanakaza.

Donoa spoku kwa ukucha usikilize: za upande mmoja zitoe sauti moja. Masafa ya sauti hufuata kipeuo cha pili cha mkazo, kwa hiyo yakishuka hadi nusu, mkazo uliobaki ni robo tu! Za kushoto zitalia chini kidogo, usihangaike kuzisawazisha na za kulia; friwili imesukuma ringi isikae katikati ya habu.

Mwisho, bana kwa viganja spoku mbilimbili zinazokwenda sambamba, kwa nguvu, gurudumu zima, halafu nyoosha ringi upya. Hatua hii mafundi wengi wanairuka.

KeriaMbili
Mzigo nao, jamani. Hamishia kilo 8 hadi 10 mbele, chini karibu na ekseli. Beba spoku za akiba za pande zote mbili, urefu haulingani. Ikikatika njiani, itoe isinase kwenye gia, legeza nusu mzunguko nati za jirani zake wawili, achia breki ya nyuma kama ringi inagusa, uende taratibu.

Polepole_Same
Asanteni. Friwili naitoaje?

Torki
Itoe KABLA ya kufungua spoku hata moja. Kila ukikanyaga pedali inajikaza zaidi, na habu ikishabaki peke yake huna pa kushika. Tafuta kifungulio chenye meno yanayoingia kwenye friwili yako, kifunge kwa nati ya ekseli kisiteleze, kibane kwenye jiriwa, kisha shika tairi kwa mikono miwili uzungushe gurudumu kinyume cha saa. Ikianza kuachia tu, legeza nati ya ekseli kwanza ndipo uendelee.