Wasanidi programu, vidirisha vyenu vya "Una uhakika?" vinatuumiza!

Wakuu, nimekasirika na sioni sababu ya kuficha.

Kuna programu ya kutunzia nyaraka tunayolazimika kuitumia kazini, jina naliacha. Nilikuwa napakia mafaili ya wateja, bosi akaja akasema yasiende kwanza. Nikabonyeza alama ya kusitisha. Kikaibuka kidirisha: "Je, unataka kughairi?" Vitufe viwili: "Sawa" na "Ghairi".

Jamani, hapo mtu abonyeze kipi? "Ghairi" inaghairi upakiaji, au inaghairi huko kughairi? Nikabonyeza "Ghairi", kwa sababu ndicho nilichokuwa nataka kufanya. Upakiaji ukaendelea hadi mwisho na wateja wakapata nyaraka ambazo hazikuwa tayari.

Dawa yake inajulikana miaka mingi. Kitufe kiseme kitendo chenyewe: "Sitisha upakiaji", "Endelea kupakia". Miongozo ya Apple inasema hivyo, ya Microsoft pia. Ni maneno mawili tu! Mtu anaelewa hata kama hakusoma swali lililo juu, na ukweli ni kwamba wengi hatulisomi.

Na hatulisomi kwa sababu ninyi ndio mmetuzoesha. Ukifuta faili, una uhakika? Ukifunga dirisha, una uhakika? Ukihamisha picha moja, una uhakika? Mkono unazoea kubonyeza "Ndiyo" kabla jicho halijafika. Jef Raskin, aliyeanzisha mradi wa Macintosh pale Apple mwaka 1979, alilieleza hili vizuri: uthibitisho unaoulizwa kila mara unageuka sehemu ya kitendo chenyewe, haumlindi mtu tena. Alichotaka ni uwezo wa kutendua, yaani kurudisha nyuma ulichokwisha kufanya. Gmail haikuulizi kama una uhakika wa kutuma barua pepe. Inaishikilia kwa sekunde 5 hadi 30, kadiri ulivyochagua, na inakupa nafasi ya kutendua. Kidirisha cha onyo kibaki kwa yale yasiyorudishika kweli, na kiseme wazi kitakachopotea: mafaili mangapi, ya folda gani.

Kibaya zaidi ni kidirisha kinachorukia katikati ya uandishi. Unachapa, unabonyeza Enter ili ushuke mstari, kumbe sekunde hiyohiyo kidirisha kimeibuka na Enter yako imekijibu. Kimejibiwa nini? Hujui, kimeshapotea. Nani aliruhusu kitufe cha hatari kiwe ndicho kinachopokea Enter?

Halafu kuna kile kinachokudai namba ya nyaraka huku kimeifunika hiyo namba, na hakisogezwi! Ukibonyeza Esc, kimya. Inabidi ukifunge, uandike namba kwenye karatasi, uanze upya.

Wasioona wanapata tabu kuliko sisi. Kidirisha kinafunguka lakini kielekezi cha kibodi kinabaki nyuma yake, kwa hiyo kisoma skrini, ile programu inayowasomea kwa sauti, hakitamki chochote. Mtu anabonyeza vitufe vya ukurasa wa nyuma ambao kidirisha kimeuzuia, hajui kwamba anasubiriwa ajibu swali.

Ujumbe wa makosa ndio usiseme. "Hitilafu imetokea. Sawa." Hitilafu gani? Kazi yangu imehifadhiwa au imepotea? Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliorodhesha kanuni 10 za violesura (yaani skrini na vitufe tunavyotumia) mwaka 1994, na mojawapo inataka ujumbe wa kosa utumie lugha ya kawaida, utaje tatizo na upendekeze suluhisho. Sasa kama mtandao umekatika, andikeni mtandao umekatika, semeni faili liko salama kwenye kompyuta, wekeni kitufe cha "Jaribu tena".

Nawauliza mnaotengeneza programu humu ndani, na nataka majibu: kabla ya kutoa toleo jipya, mnamketisha mtu ambaye hajawahi kuiona hiyo programu, mkamtazama akijibu vidirisha vyenu bila kumsaidia? Kama mnafanya, hiki cha "Sawa" na "Ghairi" kilipitaje?