MREJESHO: Vijana wetu na lile jibu la "tuko chini ya neema"

Wapendwa, Bwana asifiwe. Niliuliza hapa nitawafundishaje vijana wa ushirika wetu Kisauni uzito wa dhambi, maana kila nikigusa jambo wananijibu, "Si tuko chini ya neema?" Asanteni sana kwa majibu.

Kilichosaidia ni ushauri wa dada aliyesema niache kuwasomea orodha ya dhambi, tusome Warumi 6 yote kwa sauti. Kumbe neno lao limetoka mstari wa 14, na mstari wa 15 unawajibu papo hapo: tufanye dhambi kwa sababu tuko chini ya neema? Hasha! Tukaongeza Tito 2:11-12, ambapo neema yenyewe ndiyo inayofundisha kukataa ubaya. Baada ya hapo maswali yakawa ya kweli. Wawili wanauza viazi sokoni Kongowea, wakauliza kuhusu mizani iliyochezewa. Tukafungua Mithali 11:1, kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Mmoja ameshabadilisha mizani, na faida imeshuka, hafichi. Mwenzake angali anasema soko zima liko hivyo.

Kuungamiana wawili wawili kwa Yakobo 5:16 kulituharibikia. Siri ya mmoja ilifika mtaani kabla ya Jumapili, naye hajarudi, tunamtembelea. Sasa kila kijana anachagua mzee mmoja anayemwamini, na inakwenda vizuri zaidi. Kama vijana wako wanaishi mtaa mmoja, ile njia ya kwanza siishauri.

Kufunga siku ya Ijumaa, alivyopendekeza baba mmoja hapa, bado hatujaanza.