Leza inamaliza ukingo wa nje kabla ya tundu, nipangeje?

fundi_pasua (Moshi)
Habari za jioni wakuu. Natumia leza ya CO2 na programu ya LightBurn ya kuiendesha. Nina oda ya viholda vya funguo, plaiwudi ya mm 3, umbo la mlima, katikati imechongwa "5,895 m", na kileleni kuna tundu dogo la pete. Faili kaniletea mteja, imechorwa Inkscape. Kuchonga hakuna shida. Ikija kwenye kukata, baadhi ya milima inakatwa mzunguko mzima kwanza, ndipo kichwa kinarudi kwenye tundu. Wakati huo kipande kimeshaachia, upepo wa pampu umekisogeza, tundu linatoka pembeni na kula ukingo. Tiki ya kukata maumbo ya ndani kwanza nimeiweka. Vingine kwenye bodi hiyo hiyo vinatoka safi. Tatizo liko wapi?

mbao_na_chuma
Punguza upepo mkuu, na bodi ibane kwa sumaku.

dada_leza (Unga Limited, Arusha)
Sumaku zitashika bodi, kaka, kipande kilichoachia hazikishiki. Kwa kuwa vingine vinatoka safi, mimi nashuku mistari iliyo wazi. Vuta karibu kona za chini za mlima unaokusumbua, kuna mahali ncha mbili hazijagusana. Kwa jicho umbo limefunga, lakini kwa programu huo ni mstari tu, na mstari hauna ndani. Kwa hiyo tundu halihesabiwi kuwa liko ndani ya kitu chochote, na tiki yako inakosa cha kufanyia kazi.

Kwenye menyu ya kuhariri kuna amri ya kuchagua maumbo yaliyo wazi. Yakishachaguliwa, bonyeza Alt+J yaunganike. Kisha chagua kila kitu, Alt+D, ufute mistari iliyolaliana. Faili za wateja zinakuja nayo sana, na mstari wa pili unapita palepale unaunguza ukingo bure.

Hata hivyo mimi tiki hiyo siitegemei peke yake. Nagawa rangi tatu: ya kuchonga juu kabisa kwenye orodha ya leya (tabaka za mchoro, kila rangi na yake), matundu chini yake, ukingo wa nje mwisho. Kwenye mipangilio ya mpangilio wa kukata, kigezo cha leya nakiweka cha kwanza. Angalia hapo vizuri, maana ukingo ukiwa leya ya juu na tundu leya ya chini, ukingo utatangulia hata kama tiki ipo.

Halafu Alt+P, onyesho la kazi kwenye skrini, kabla ya kuwasha, kila faili. Buruta kile kitelezi polepole, uone mlima mmoja mmoja unavyojazwa. Mistari myekundu ni safari za kichwa bila kukata. Watu wanahangaika kuifupisha, mimi nataka kwanza kipande kitulie. Na kwa akriliki njia fupi inaweza kukuharibia kazi: vipande jirani vikikatwa mfululizo, joto linarundikana sehemu moja na akriliki inajikunja.

fundi_pasua
Dada, ahsante sana. Iliyo wazi ipo, na ni ileile iliyokuwa inaharibika. Swali moja: kwa leya, umeme ukikatika katikati si nabaki na bodi nzima ambayo hakuna hata kimoja kilichokamilika?

dada_leza
Ni kweli, na hilo lina bei yake. Unaweza kuunganisha kila mlima na tundu lake na maandishi yake kuwa kundi, ukapanga kwa kundi badala ya leya, kila kimoja kikakamilika ndipo kichwa kiende kingine. Ndani ya kundi bado rangi zifuate zamu yake, kwa hiyo leya iwe ya pili kwenye mpangilio. Kuchonga ndiko kutachelewa, maana kichwa hakifagii tena bodi nzima kwa mkupuo. Kwa oda kubwa mimi nabaki na leya, ila kazi naipima kutoka sifuri ya mashine, ile pointi yake isiyobadilika ya kuanzia kupima. Umeme ukirudi, bodi usiiguse, mashine ijitafutie sifuri yake, kisha chagua vilivyobaki na utume hivyo tu.